Jaribio la kutaja wanyama

Jaribio la kutaja wanyama ni kipimo kifupi cha uwezo wa akili ambamo mtu anaombwa kutaja majina ya wanyama wengi kadiri awezavyo kwa muda wa dakika moja. Katika tiba ya magonjwa ya ini, jaribio hili hutumika kuchunguza kama ubongo wa mgonjwa umeanza kuathiriwa na udhaifu wa ini, hali inayoitwa ensefalopathia ya ini.

Jaribio halihitaji mashine, karatasi maalumu wala kuchukua damu. Linahitaji saa yenye mshale wa sekunde, mtu wa kuhesabu, na lugha ambayo mgonjwa anaizungumza vizuri. Kwa sababu hiyo linaweza kufanyika katika zahanati, wodini au hata nyumbani kwa mgonjwa. Hata hivyo halitoshi peke yake kuthibitisha ugonjwa: linaonyesha nani anahitaji kuchunguzwa zaidi.

## Ugonjwa unaotafutwa

Protini ya chakula inapomeng'enywa, na bakteria wa utumbo mpana wanapovunja mabaki yake, hutokea kemikali inayoitwa amonia. Amonia hufyonzwa na kuingia katika damu inayoelekea ini. Ini lenye afya huigeuza kuwa urea, ambayo hutolewa na figo kupitia mkojo.

Katika sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, mambo mawili huharibika pamoja. Kwanza, seli za ini zinazoweza kufanya kazi hiyo hupungua. Pili, damu itokayo utumboni hukuta njia yake ndani ya ini imebanwa na makovu, hivyo hutafuta mishipa ya kando na kuingia katika mzunguko wa mwili bila kusafishwa. Mishipa hiyohiyo ya kando, inapovimba kwenye umio, ndiyo inayoweza kupasuka na kumfanya mgonjwa atapike damu.

Amonia inayofika kwenye ubongo huchukuliwa na seli zinazoitwa astrositi, ambazo huiunganisha na glutamati na kutengeneza glutamini. Glutamini ikijaa ndani ya seli hizo huvuta maji, nazo huvimba na kushindwa kuzisaidia seli za neva inavyopaswa. Uvimbe na sumu zinazotokana na maambukizi mwilini huongeza madhara hayo. Ndiyo maana mgonjwa wa sirosisi anayepata nimonia au maambukizi ya maji ya tumboni anaweza kuchanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili.

Misuli nayo huondoa sehemu ya amonia katika damu. Mgonjwa aliyekonda sana, mikono na mapaja yakiwa yamepungua nyama, yumo katika hatari kubwa zaidi.

## Ngazi za ugonjwa

Madaktari hupanga ensefalopathia ya ini kwa ngazi zinazojulikana kama vigezo vya West Haven, kutokana na mji wa West Haven katika jimbo la Connecticut, Marekani.

* Ngazi ya chini kabisa: mgonjwa na jamaa zake hawaoni tofauti, wala daktari haoni dalili kwa kumtazama. Vipimo vya akili ndivyo vinavyoonyesha kasi na umakini vimepungua.
* Ngazi ya I: umakini mfupi, furaha au wasiwasi usio wa kawaida, kushindwa kujumlisha au kutoa hesabu ndogo, kulala mchana na kukesha usiku.
* Ngazi ya II: uzito na kutojali, tabia kubadilika waziwazi, kukosea siku, mwezi au mwaka, mikono kutikisika.
* Ngazi ya III: usingizi mzito ingawa mgonjwa huamka akiitwa, kuchanganyikiwa sana, kutojua yuko wapi, mwenendo wa ajabu.
* Ngazi ya IV: kupoteza fahamu kabisa.

Ngazi ya chini kabisa na ngazi ya I huwekwa pamoja na kuitwa ensefalopathia iliyofichika. Kuanzia ngazi ya II huitwa ensefalopathia ya wazi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na vyama vya wataalamu wa ini vya Marekani na Ulaya unakadiria kwamba ensefalopathia ya wazi huwapata asilimia 30 hadi 40 ya wenye sirosisi wakati fulani wa ugonjwa wao. Ile iliyofichika hukutwa kwa asilimia 20 hadi 80, kutegemea wagonjwa waliopimwa na kipimo kilichotumika.

Ensefalopathia iliyofichika ina madhara ingawa haionekani. Mgonjwa huweza kuzungumza vizuri na kujibu salamu zote, lakini akachelewa kukanyaga breki, akakosea chenji dukani, au akashindwa kufuata ratiba ya dawa. Tafiti zilizofanywa Ujerumani na Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa wa aina hii huendesha gari vibaya zaidi na hupata ajali nyingi zaidi kuliko wenye sirosisi wasio nayo. Pia wako karibu zaidi na kupatwa na ensefalopathia ya wazi.

## Historia

Uhusiano kati ya ini bovu na kuvurugika kwa akili ulijulikana tangu zamani, lakini maelezo ya kisasa yalianza katikati ya karne ya 20. Mwaka 1949 madaktari Raymond Adams na Joseph Foley wa Boston, Marekani, walieleza mtikisiko wa mikono unaowapata wagonjwa wa ini. Mwaka 1954 Sheila Sherlock na wenzake wa London, Uingereza, walieleza jinsi damu ya utumboni inayokwepa ini inavyohusika na dalili za ubongo.

Mwaka 1977 Harold Conn na wenzake walitumia ngazi za West Haven katika utafiti uliolinganisha dawa mbili, laktulosi na neomisini. Mwaka huohuo Conn aliandika juu ya matumizi ya jaribio la kuunganisha namba kwa wagonjwa hao. Tangu hapo vipimo vingi vimebuniwa, lakini vingi vinahitaji karatasi zilizoandaliwa, kompyuta au mtaalamu wa saikolojia.

Kuwataka wagonjwa wataje wanyama hakukuanzia kwenye magonjwa ya ini. Wataalamu wa mfumo wa neva walikuwa wakitumia jaribio hilo kwa wagonjwa wa kiharusi waliopungukiwa na usemi na kwa wazee wenye shida ya kumbukumbu. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Italia, wakiwemo Piero Amodio na Sara Montagnese wa Chuo Kikuu cha Padova, lilichapisha utafiti uliolipima jaribio hilo kwa watu wenye afya na kwa zaidi ya wagonjwa 300 wa sirosisi. Waligundua kwamba idadi ya wanyama waliotajwa ilikwenda sambamba na matokeo ya vipimo virefu vya akili na ya kipimo cha umeme wa ubongo. Vilevile ilisaidia kutabiri nani angepatwa na ensefalopathia ya wazi, na nani angefariki, katika mwaka uliofuata.

## Jinsi linavyofanyika

Mgonjwa huketi mahali penye utulivu. Mpimaji huhakikisha kwanza kwamba anasikia vizuri, hana homa kali, na hajanywa dawa ya usingizi au pombe muda mfupi uliopita. Kisha humwambia maneno kama haya:

:"Mzee, nitakuomba unitajie wanyama wote unaowakumbuka, kwa dakika moja. Wanaweza kuwa wa kufugwa au wa porini, ndege, samaki, nyoka au wadudu. Usirudie uliyekwisha kumtaja. Nikisema anza, uanze."

Saa huanza kuhesabiwa mara tu baada ya neno "anza" na husimamishwa zinapotimia sekunde 60. Mpimaji huandika kila jina au huweka alama kwa kila jina sahihi. Haruhusiwi kumsaidia mgonjwa kwa kutaja mfano, wala kumwonyesha kuku anayepita nje ya dirisha. Mgonjwa akinyamaza kwa muda mrefu anaweza kuambiwa tu, "Endelea, bado kuna muda."

Jamaa waliomsindikiza huombwa wanyamaze au wasubiri nje. Ni kawaida kwa mke, mume au mtoto kumnong'onezea mgonjwa kwa nia njema, na kufanya hivyo huharibu kipimo.

### Kuhesabu majina

Kila mnyama huhesabiwa mara moja. Majina yaliyorudiwa huondolewa, na vitu ambavyo si wanyama havihesabiwi. Kwa Kiswahili yapo mambo machache ambayo mpimaji inafaa ayaamue mapema na kuyafuata kwa wagonjwa wote:

* Majina mawili ya mnyama mmoja huhesabiwa kuwa moja. *Tembo* na *ndovu* ni mnyama yuleyule.
* Mnyama aliyetajwa kwa lugha mbili, kwa mfano kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, huhesabiwa mara moja.
* *Punda* na *punda milia* ni wanyama wawili.
* Majina ya jinsia na umri, kama *jogoo*, *kuku* na *kifaranga*, au *ng'ombe*, *fahali* na *ndama*, huleta ubishi. Kilicho muhimu ni kufuata kanuni moja kila mara, hasa pale mgonjwa yuleyule anapopimwa tena.
* Jina la jumla, kama *ndege*, halihesabiwi ikiwa mgonjwa ametaja pia ndege mahususi kama *njiwa* au *tai*.

Mfano: mgonjwa anasema "ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, paka, kuku, bata, simba, tembo, twiga, simba, ndovu, nyati, nyoka". Ametamka maneno 14. *Simba* amerudiwa, na *ndovu* ni sawa na *tembo*. Idadi inayoandikwa ni 12.

### Maana ya matokeo

Katika utafiti wa Italia matokeo yaligawanywa katika makundi matatu, baada ya kurekebishwa kwa watu waliosoma chini ya miaka 8 na kwa wazee waliozidi miaka 80:

* Zaidi ya wanyama 15: dalili za ubongo kuathiriwa ni ndogo.
* Wanyama 10 hadi 15: kuna mashaka; mgonjwa anahitaji kipimo kingine na kufuatiliwa.
* Chini ya wanyama 10: uwezekano wa ensefalopathia ni mkubwa, na mgonjwa achunguzwe bila kuchelewa.

Namba hizi ni mwongozo tu. Mkulima mzee ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule anaweza kutaja wanyama 11 akiwa mzima kabisa, na mwalimu aliyezoea kutaja 25 anaweza kuwa mgonjwa anapotaja 16. Kwa hiyo ulinganisho wenye maana zaidi ni ule wa mtu na yeye mwenyewe. Ikiwa idadi imeandikwa kwenye faili katika kila ziara, kushuka kutoka 18 hadi 11 kunaeleza mengi kuliko namba 11 ikitazamwa peke yake.

## Kwa nini kutaja wanyama hupima ubongo

Kutaja wanyama huonekana kama mchezo wa watoto, lakini ubongo hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Lazima utafute majina kwenye kumbukumbu, uyatoe kwa kasi, ukumbuke yaliyokwisha kusemwa ili usiyarudie, na uhame kutoka kundi moja kwenda jingine pale la kwanza linapokwisha. Mtu mzima wa afya kwa kawaida huanza na wanyama wa nyumbani, wakipungua anahamia wa mbugani, kisha ndege, kisha samaki.

Ensefalopathia ya ini inapoanza haifuti majina hayo kwenye kumbukumbu. Hupunguza kasi, umakini na wepesi wa kuhama. Mgonjwa hutaja watano au sita haraka, halafu hukwama, hurudia, au hutazama dari. Akipewa muda mrefu zaidi huenda angewataja wengine wengi. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka kikomo cha dakika moja.

## Vipimo vingine rahisi

Maswali ya wakati na mahali. Mgonjwa huulizwa tarehe, siku ya juma, mwezi, msimu na mwaka. Kisha nchi, mkoa, mji na mahali alipo. Kukosea wakati ni ishara ya ngazi ya II, na kukosea mahali pia ni ishara ya ngazi ya III. Kwa mtu asiyefuata kalenda ni haki kuuliza kwa namna anayoizoea, kama vile leo ni siku ya gulio au ya sala ya Ijumaa.

Kuhesabu kinyumenyume. Kutaja siku za juma au miezi kuanzia mwisho, au kutoa 7 kutoka 100 mfululizo, huonyesha umakini. Hesabu ya pesa hufaa zaidi kwa wengi: "Umenunua sukari ya shilingi 350, umetoa 500, unarudishiwa ngapi?"

Kunyoosha mikono. Mgonjwa hunyoosha mikono mbele, vidole vikiwa vimeachana, na kukunja viganja kuelekea juu kama anayesimamisha gari. Mikono ikianguka ghafla na kurudi mara kwa mara, hiyo ni astereksisi. Huonekana zaidi katika ngazi ya II na ya III. Si dalili ya ini peke yake. Inaweza kutokana pia na figo zilizoshindwa kazi au na hewa ya kaboni dioksidi kuzidi katika damu.

Mwandiko na michoro. Mgonjwa huandika jina lake au sentensi moja kila siku, au huchora nyota yenye pembe tano. Karatasi zikiwekwa pamoja, kuharibika kwa mwandiko siku hata siku huonekana wazi hata kwa asiye daktari.

Kuunganisha namba. Namba 1 hadi 25 zimetawanywa kwenye karatasi, na mgonjwa huziunganisha kwa mstari kwa kufuata mpangilio, haraka iwezekanavyo. Katika aina ya pili hubadilishana namba na herufi: 1, A, 2, B na kuendelea. Kipimo hiki hakiwafai wasiojua kusoma.

Mkusanyiko wa vipimo vitano. Wataalamu wa Hannover, Ujerumani, waliunganisha vipimo vitano vya karatasi na kalamu, yakiwemo majaribio mawili ya kuunganisha namba. Mkusanyiko huo hujulikana kwa kifupi kama PHES. Alama zake ni kati ya +6 na −18, na alama iliyo chini ya −4 huchukuliwa kuwa ya ugonjwa. Hutumika sana katika utafiti, lakini kila nchi inahitaji viwango vyake vilivyotokana na watu wake wenye afya.

Programu ya simu. Programu ya EncephalApp, iliyotokana na kazi ya Jasmohan Bajaj wa Virginia, Marekani, humtaka mgonjwa aguse rangi sahihi hata pale neno lililoandikwa linapotaja rangi nyingine, kama vile neno "nyekundu" lililoandikwa kwa rangi ya kijani.

Mwanga unaometa. Mashine hutoa mwanga unaometa kwa kasi kubwa, kisha kasi hupunguzwa hadi mgonjwa aone kwamba unameta. Anayeanza kuona hivyo chini ya mara 39 kwa sekunde hushukiwa kuwa na ensefalopathia.

Kupima amonia katika damu hakuchukui nafasi ya vipimo hivi. Kiwango kikubwa peke yake hakithibitishi ensefalopathia, na sampuli isiyowekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara haraka hutoa jibu la uongo. Hata hivyo, amonia ikiwa ya kawaida kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa, daktari hulazimika kutafuta sababu nyingine.

## Mipaka ya jaribio

Idadi ndogo ya wanyama haimaanishi lazima ini ndilo chanzo. Umri mkubwa, elimu ndogo, sonona, shida ya akili ya uzeeni, kiharusi, dawa za usingizi, uziwi na woga wa kupimwa vyote huishusha. Jaribio pia halina maana kwa mgonjwa aliyekwisha kuchanganyikiwa waziwazi. Huyo anahitaji matibabu ya dharura.

Mgonjwa wa ini anayechanganyikiwa anaweza kuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Katika Afrika ya Mashariki hasa ni lazima kufikiria malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kushuka kwa sukari kwenye damu, damu kuvuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka, na madhara ya kuacha pombe ghafla. Kupima sukari na malaria huchukua dakika chache na hutangulia vipimo vya akili.

## Matumizi kwa wasemaji wa Kiswahili

Katika Afrika ya Mashariki sirosisi hutokana hasa na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya homa ya ini B, pombe, na homa ya ini C. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini Kenya, Tanzania na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo watu wazima wengi walizaliwa kabla yake. Kandokando ya Ziwa Viktoria kichocho cha utumbo nacho huweka makovu kuzunguka mishipa ya ini na kusababisha kutapika damu. Lakini seli za ini kwa kawaida hubaki na nguvu, na ensefalopathia hutokea kwa nadra isipokuwa kuna ugonjwa mwingine wa ini au damu nyingi imemwagika.

Viwango vya 10 na 15 vilipatikana kwa Waitalia. Mtumiaji wa Kiswahili anapaswa kuzingatia tofauti mbili. Ya kwanza ni maana ya neno lenyewe: kwa wasemaji wengi *mnyama* ni yule wa miguu minne, na ndege, samaki na wadudu ni viumbe vya namna nyingine. Maelekezo yasipovitaja, mvuvi wa Pemba anayejua samaki 30 kwa majina atawaacha wote na kuonekana mgonjwa. Ya pili ni lugha: wengi hutumia Kiswahili hospitalini lakini walijifunza majina ya wanyama kwa lugha ya nyumbani. Mgonjwa aachwe achague lugha, na lugha aliyoitumia iandikwe ili itumike tena siku nyingine.

Dalili za ensefalopathia huweza pia kufasiriwa vibaya katika jamii. Mtu aliyekuwa mpole anapoanza kugombana, kukesha usiku au kuvua nguo mbele ya watu, huenda akasemwa kuwa amelewa, amerogwa au ameingiwa na wazimu. Akipelekwa kwanza mahali pengine, siku za thamani hupotea, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi hutulia haraka ukitibiwa mapema.

## Hatua baada ya kupimwa

Mgonjwa akionekana kuathirika, kazi ya kwanza ni kutafuta kilichochochea hali hiyo. Vichochezi vya kawaida ni:

* maambukizi, hasa ya maji yaliyojaa tumboni;
* damu kuvuja tumboni au kwenye umio, ikionekana kwa kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami;
* kufunga choo;
* kuharisha, kutapika au kutumia kupita kiasi dawa za kukojoza, hadi maji na chumvi za mwili kupungua;
* dawa za usingizi na za kutuliza, kama diazepamu.

Dawa inayoanza kutumika ni laktulosi, sukari isiyofyonzwa na utumbo. Hulainisha choo, na ndani ya utumbo mpana hubadilishwa kuwa asidi inayozuia amonia kuingia kwenye damu. Kipimo chake hurekebishwa mpaka mgonjwa apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Kuzidisha mpaka kuharisha sana hukausha maji mwilini na kunaweza kuleta ensefalopathia ileile inayozuiwa. Kwa wanaopatwa tena licha ya laktulosi huongezwa rifaksimini, antibiotiki inayofanya kazi ndani ya utumbo. Tiba ya kuondoa chanzo chenyewe kwa wenye ini lililoshindwa kabisa ni kupandikizwa ini.

Zamani wagonjwa walikatazwa nyama, mayai na maharagwe ili kupunguza amonia. Ushauri huo umeachwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 nchini Hispania ulionyesha kwamba kupunguza protini hakuleti nafuu, na kukonda kwa misuli hudhuru. Sasa hupendekezwa gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Maharagwe, kunde, mayai, maziwa na samaki vyote hufaa, vikiliwa kidogokidogo mara nyingi pamoja na mlo mdogo kabla ya kulala. Mwenye tumbo lililojaa maji huepuka samaki na dagaa waliokaushwa kwa chumvi.

Mgonjwa anayeendesha gari, bodaboda au mashine hushauriwa kuacha mpaka apimwe na kutibiwa.

## Nafasi ya familia

Anayeishi na mgonjwa ndiye huona mabadiliko ya kwanza. Jaribio hili ni jepesi kiasi kwamba jamaa anaweza kufundishwa kulifanya mara moja kwa juma, saa ileile ya siku, na kuandika idadi katika daftari. Kulifanya kila siku hakufai, kwa sababu mgonjwa huzoea na kukariri orodha.

Mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, bila kusubiri jaribio lolote, ikiwa anasinzia mchana na ni vigumu kumwamsha, hajui siku au mahali alipo, ana homa au maumivu ya tumbo, ametapika damu au amepata choo cheusi, au hajapata choo kwa siku mbili. Aliyepungukiwa na fahamu asilazimishwe kunywa dawa wala uji, kwani vinaweza kuingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu wakati wa safari.

## Tazama pia

* Ini
* Sirosisi
* Homa ya ini
* Amonia
* Kichocho
* Ubongo
* Kupoteza fahamu